Mamlaka ya Kuzuia Kufanana na Mheshimiwa

Si zamani wala si kale. Ni juzi tu, na walioshuhudia bado wako hai, ila hawatasema. Nami nisingesema, lakini mimi ni mtu wa kuipenda nchi yangu, na mtu anayeipenda nchi yake hushindwa kunyamaza inapotenda makubwa. Jina la nchi sitalitaja. Si kwamba naogopa. Jina lenyewe limesajiliwa na Mamlaka, na anayeliandika bila kibali, hata kwa kulisifu, anaweza kuonekana anajifanya nchi.

Tulikuwa na tovuti ya taifa iitwayo Kibarazani. Serikali iliifungua ili wananchi waongee na viongozi wao uso kwa uso bila kuonana. Kila raia alitakiwa awe na ukurasa wake, jina lake na picha yake. Matapeli nao ni raia, wakafungua kurasa kwa majina ya wenzao. Walikuwa wanachukua jina lako lilivyo, wanaongeza nukta moja mwishoni ambayo hakuna jicho linaloiona, wanabandika picha yako uliyopiga kwenye harusi ya shemeji, basi, tayari wamekuwa wewe.

Mtaani kwetu yupo fundi makochi, mtu mpole hadi anaudhi. Fundi bandia akafungua ukurasa wa jina lake, akawa anatukana wateja na kuwatongoza wake zao. Mke wa fundi akafungasha nguo. Fundi akaenda kulalamika wizarani, na siku hiyo alikuwa na bahati, maana alimkuta Waziri mwenyewe akitoka.

Waziri huyo alikuwa Mheshimiwa Dokta Anselmi Kolongo, Waziri wa Umeme, Habari na Shughuli Nyinginezo. Alimsikiliza fundi mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari.

"Ndugu yangu," akasema, "raia wa kawaida haigwi. Mtu aliyeamua kujifanya fundi makochi amekwisha kujiadhibu mwenyewe. Serikali iongeze nini tena?"

Maofisa walicheka mpaka wakashikana mabega. Ndiyo kazi waliyosomea.

*

Sasa lazima nieleze jambo moja kuhusu nchi yetu, maana wageni hawalielewi. Tuna watu wa mlimani na watu wa bondeni. Walipigana enzi hizo hadi wakachoka, wakaona heri wawe wanatukanana tu. Tangu hapo ni watani. Mtu wa bondeni anaweza kuingia nyumbani kwa mtu wa mlimani, akala chakula chake, akamwambia ana kichwa kibaya, akaondoka na kuku, na mwenye nyumba akasema asante, karibu tena.

Ukubwa wa utani huo huonekana msibani. Mtu wa mlimani akifa, mtani wake wa bondeni huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akaongea kama yeye, akafanya mbele ya waombolezaji ule ujinga wote ambao marehemu alikuwa akiufanya. Watu hucheka, wakicheka wanalia, na wakishalia ndipo wanaume hulibeba jeneza. Mtani asipofanya hivyo, mwili hautoki.

Dokta Kolongo alikuwa wa mlimani. Mtani wake alikuwa mwanamke mmoja wa bondeni, Mwantumu Tindwa, msusi wa pale sokoni, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Siku moja, akimsuka mteja huku akimsikiliza Kolongo redioni, Mwantumu aliguna.

"Mtu huyu ananenepa na hakuna anayemtania," akasema. "Mke wake anamwogopa, wafanyakazi wake wanamwogopa. Mimi nisipomtania nani amtanie?"

Akafungua ukurasa Kibarazani. Jina la Kolongo, picha ya Kolongo, cheo cha Kolongo, na nukta moja mwishoni. Wala hakuficha. Wateja wake wote walijua, na baadhi yao walimsaidia kuchagua picha.

*

Katika ukurasa wa Kolongo mwenyewe kulikuwa na picha za Kolongo akikata utepe. Chini ya kila utepe wananchi waliandika shida zao, na hakuna aliyejibiwa hata kwa kukosea. Katika ukurasa wa Mwantumu kila mtu alijibiwa, tena siku ileile.

Mtu aliandika: "Mheshimiwa, kwetu hatuna umeme wiki ya pili sasa."

Mwantumu akajibu: "Ndugu mwananchi, umeme upo wa kutosha. Giza ndilo limeuzidi wingi. Serikali inalishughulikia giza."

Mwingine akaandika: "Transfoma yetu imeungua tangu mwaka juzi."

"Nimepokea kwa masikitiko makubwa taarifa za transfoma. Naipa pole familia yake."

Mnadhani watu walicheka? Waliosukwa pale sokoni walicheka. Taifa zima liliamini. Redio ilisoma kauli ile ya giza kwenye taarifa ya habari, baada ya wimbo wa taifa. Gazeti la serikali likaandika tahariri kuipongeza Wizara kwa kutambua, kwa mara ya kwanza tangu uhuru, kwamba tatizo si umeme. Ikaundwa kamati ya kulishughulikia giza, ikapewa magari. Naye Kolongo, ambaye kila asubuhi alikuwa anasomewa magazeti na katibu wake, alisimama bungeni, akavuta suruali juu, akasema kwa sauti ya mtu anayejivunia ubongo wake:

"Mheshimiwa Spika, kama nilivyokwisha kusema, giza ndilo limeuzidi umeme wingi!"

Bunge likagonga meza. Nilikuwa natazama kwenye televisheni ya kinyozi. Sikujua nicheke au nimtapikie kinyozi kapeti lake.

Mambo yangekwenda hivyo hadi leo kama Mwantumu asingeteleza. Mama mmoja aliandika kwamba mwanawe alizaliwa kwa mwanga wa simu na nusura afe. Mwantumu alisoma, akaacha kusuka. Kisha akaandika, bado kwa jina la Waziri: "Mama, tumekukosea. Nisamehe."

Kesho yake katibu akamsomea Kolongo maneno hayo. Kolongo akainua kichwa.

"Rudia."

Katibu akarudia: "Tumekukosea. Nisamehe."

"Hiyo si kauli yangu," akasema Kolongo. "Kuna mtu anajifanya mimi!"

*

Mwantumu alikamatwa saluni, mteja akiwa amesukwa nusu kichwa. Mahakamani hakukana lolote.

"Mheshimiwa Hakimu," akasema, "Kolongo ni mtani wangu. Siku akifa nitavaa koti lake, nitatembea kama yeye mbele ya wakubwa wote, na hata wewe utakuja kunishangilia. Sasa nimngoje afe ndiyo nimwambie? Atasikia?"

Wakili wa serikali akasema utani ni wa mdomo, na mtandao hauna mdomo. Hakimu akaliona hilo kuwa na uzito. Alimhukumu Mwantumu miaka mitatu na akatoa maelezo ambayo wanafunzi wa sheria wanayakariri hadi leo: kwamba kumwiga kiongozi vibaya ni utovu wa adabu, lakini kumwiga vizuri kuliko anavyojimudu mwenyewe ni uhaini mdogo.

Wiki hiyohiyo likatokea lile jambo ambalo fundi makochi alikuwa akiliomba. Serikali iliunda chombo cha kuzuia watu kujifanya watu wengine Kibarazani. Kikaitwa Mamlaka ya Kuzuia Kufanana na Mheshimiwa. Fundi aliposikia hadi neno la mwisho alizima redio.

Mkurugenzi Mkuu wake alikuwa Profesa Deusdedit Bahame, bingwa wa mambo ya tofauti. Tasnifu yake ya udaktari ilihusu tofauti, ingawa wenye wivu husema inafanana sana na ya mwenzake wa chuo cha jirani, kuanzia jalada hadi shukrani kwa mke, ambaye ni mke wa yule mwenzake.

Profesa alikuwa mtu wa sayansi. Alisema kufanana kwa majina hakuwezi kupimwa na kompyuta, kwa sababu kompyuta huona nukta, lakini mwananchi haoni. Kwa hiyo akabuni Kipimo cha Jicho la Kawaida. Aliwachukua makamishna watano, wote wastaafu waliohitaji kutulizwa kwa cheo, akawakalisha mwisho wa ukumbi wa mikutano, akawaamuru wavue miwani. Jina la raia lilikuwa linarushwa ukutani kwa muda wa kupepesa jicho. Kamishna hata mmoja akidhani ameona jina la kiongozi, jina hilo limefanana, linafutwa.

Bila miwani makamishna hawakuwa wakiuona hata ukuta. Majina yote yalifanana. Jina la bibi yangu, ambalo lina herufi nne, lilionekana kufanana na jina kamili la Waziri Mkuu pamoja na shahada zake. Kamishna aliyekuwa akitazama dirishani kwa kudhani ndiko ukuta uliko, ndiye aliyepandishwa cheo, kwa kutokuwa na huruma.

Taifa likabaki bila majina. Profesa hakushtuka, alikuwa amejiandaa. Akatangaza kwamba Mamlaka itawagawia raia majina salama, ambayo hakuna kiongozi angeyataka, akaagiza orodha ya vyombo kutoka stoo ya jiko la chuo. Hivyo ndivyo mimi nilivyokuwa Beseni Pana. Mwalimu wangu wa darasa la nne ni Kifuniko. Paroko wetu ni Jagi, na nawaambieni, kuungama kwa Jagi si jambo jepesi. Fundi makochi ni Mwiko wa Mbao. Yule tapeli wake bado anatumia jina la fundi mpaka leo, maana Mamlaka ilihakiki majina ya waliojitokeza kuhakikiwa, na tapeli hana tabia ya kujitokeza.

*

Kolongo alikuja kuzindua matokeo hayo. Alikata utepe, akahutubia.

"Leo wameiba jina," akasema. "Kesho wataiba sauti. Keshokutwa wataiba kikohozi! Je, tukae tu, tutazame vikohozi vya taifa vikipotea?"

Ukumbi ukajibu hapana. Sheria ikaongezwa. Sasa ilikuwa marufuku kufanana na kiongozi kwa sauti, kwa mwendo na kwa mavazi, mtandaoni na nje ya mtandao. Likaongezwa na kosa la pili: kumdhania mtu mwingine kuwa ni kiongozi. Profesa alieleza kwamba mwigaji hawezi kufanikiwa pasipo mjinga wa kumwamini, kwa hiyo mjinga naye afungwe. Mzee mmoja mwuza karanga alikamatwa kwa kukohoa kama Waziri. Daktari alipothibitisha kuwa ni kifua, alihamishiwa gereza lenye hewa nzuri.

Kisha Kolongo akafa. Alifia kwenye semina ya siku nne iliyohusu kupunguza semina, siku ya mwisho, wakati wa chakula, kwa mfupa wa samaki. Msiwe na haraka ya kufurahi. Alikuwa na mke, naye anaingia sasa.

*

Mazishi yalikuwa nyumbani kwao mlimani. Viongozi walikuja na suti nyeusi na magari meusi, jua likawawakia bila kuwabagua. Wimbo wa taifa ukapigwa. Wasifu ukasomwa, wenye vyeo vingi na matukio machache. Ukafika wakati wa kulibeba jeneza, na wanaume wa mlimani hawakuinuka. Wote walikuwa wanatazama upande mmoja.

Watu wa bondeni walikuwa wamekuja, wengi, wakakaa kuzunguka kaburi wamekunja mikono. Mwanamke mmoja mnene, ambaye kwa jina la Mamlaka anaitwa Chujio, alikuwa mbele yao anakula muwa.

"Watani," Profesa Bahame akawaambia kwa upole wa kuvimba, "mbona hamwanzi?"

"Tuanze nini?" Chujio akauliza.

"Ile mila yenu. Kumwiga marehemu."

"Aka! Kumwiga Mheshimiwa? Kwa sauti, mwendo na mavazi? Sisi ni raia wema, Profesa. Tunafuata sheria zako."

"Lakini bila hivyo mwili hautoki!"

"Hautoki," Chujio akakubali, akatema kapi la muwa.

Profesa hakukosa ufumbuzi. Watu wa aina yake hawakosi, ndiyo shida yetu. Akamwita ofisa mmoja wa Mamlaka, kijana msafi mwenye tai, akampa ruhusa ya mdomo ya kumwiga marehemu kwa kiwango kisichozidi wastani. Ofisa akavaa koti la Kolongo juu ya tai yake, akasimama mguu sawa, akasema: "Mimi ni Dokta Anselmi Kolongo. Nilizaliwa katika familia ya wakulima." Akaendelea na wasifu uleule uliokwisha kusomwa. Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alipiga miayo, na wanaume wa mlimani wakakaa vizuri zaidi.

Jua likazidi. Nzi wakaanza kuja, na nzi hawajui itifaki.

Ndipo mjane akatoka ndani. Bi Esteria Kolongo alikuwa mwanamke mwembamba, wa sauti ndogo, ambaye kwa miaka yote ya ndoa tulimwona kwenye picha tu, ameshika mkasi wa utepe kwenye sinia. Macho yake yalikuwa makavu. Nasema hivyo kwa sababu nilimwonea huruma: alikuwa na sura ya mtu anayetaka kulia, hajui aanzie wapi.

"Profesa," akasema, "mume wangu aoze hapa juani kwa ajili ya sheria yenu?"

"Shemeji, sheria yenyewe aliipitisha yeye."

"Najua. Mleteni Mwantumu."

"Mwantumu yuko gerezani."

"Ndiyo maana nikasema mleteni. Angekuwa sokoni ningemfuata kwa miguu."

Akaingia kwenye gari la uwaziri la mumewe, lile lenye bendera, akamwambia dereva aende gerezani.

*

Mkuu wa gereza aliwakutanisha ofisini kwake na akajifanya anatafuta kitu kabatini ili asikie. Yeye ndiye aliyenihadithia.

Mwantumu aliingia na sare ya gereza, amekonda. Alimtazama Bi Esteria na nguo zake nyeusi.

"Pole sana, mtani," akasema. "Amekufa kweli, au ametangaza tu?"

Bi Esteria akacheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kama chafya. Akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Amekufa kweli, Mwantumu. Yuko juani. Njoo unitolee mume wangu."

Mwantumu akakaa. "Nimebakiza miaka miwili humu, mtani. Vidole vyangu vimekufa ganzi kwa kupalilia bustani ya mkuu wa gereza, huyu anayetafuta kitu kabatini. Nikimwiga mumeo leo, kesho Bahame ananiongezea mitano. Nikikataa, wewe unateseka na hukunikosea. Mnaniweka pabaya."

"Unataka nini?"

"Kibali. Cha maandishi, chenye mhuri. Si cha nusunusu. Kiseme mimi ndiye Kolongo, kweli kweli, mpaka kazi iishe. Yasije maneno ya wastani."

Profesa alipigiwa simu. Alikubali upesi, maana nzi walikuwa wamefika kwenye jukwaa la viongozi. Zaidi ya hapo, hakuwahi kukataa nafasi ya kuandika. Aliandika kibali palepale kaburini, akakisoma kwa sauti ili taifa linufaike: kwamba mwenye kibali hiki ahesabiwe kuwa ndiye Mheshimiwa mwenyewe, kwa jina, sauti, mwendo, mavazi na heshima zote zinazoambatana na cheo, na asizuiwe wala kuhojiwa na mtu yeyote, mpaka hapo mwili utakapoteremshwa kaburini. Alirudia maneno "zinazoambatana na cheo" mara mbili. Yalimpendeza.

*

Mwantumu aliingia ndani kwa Kolongo akiwa mfungwa. Mlango ulipofunguka tena, alitoka Kolongo.

Sina namna nyingine ya kulisema. Koti lilikuwa la Kolongo, miwani ya Kolongo, na ingawa mwanamke yule alikuwa amekonda, tumbo lilitangulia, sijui alilitoa wapi. Alisimama kizingitini akakohoa kile kikohozi. Askari wote wakapiga saluti. Walipokumbuka kwamba Waziri yuko ndani ya jeneza, mikono ilikuwa imekwisha kufika kwenye kofia.

Akatembea katikati ya watu akitazama juu ya vichwa vyao. Mwanamke wa mlimani akapaza sauti: "Mheshimiwa, transfoma yetu!"

"Andikeni," akasema bila kugeuka. "Nitapita."

Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele. Mzee mmoja akamnyoshea mkono. Kolongo yule akampa ncha za vidole viwili, kisha akavifuta kwenye koti. Simu ikaita, au alijifanya imeita. Akaiweka sikioni.

"Nipo msibani... Wa mtu mkubwa sana... Wangu... Hapana, siwezi kukaa mpaka mwisho."

Hapo watu walianguka. Nilimwona Chujio ameshikilia mbavu, nikawaona watu wa mlimani wanacheka machozi yanawatoka, kisha machozi yakabaki na kicheko kikaondoka. Walikuwa wanamlilia. Yule mtu wa hovyo, aliyewaacha gizani, alikuwa mtoto wao, na sasa ndiyo walikuwa wamemwona akipita mara ya mwisho. Bi Esteria alilia kwa sauti, akiwa amekaa chini kwenye vumbi. Wanaume wakainuka, wakalibeba jeneza.

Kolongo yule akaangalia saa.

"Endeleeni," akasema. "Mimi nina kikao."

Akaelekea kwenye gari lenye bendera. Dereva, ambaye alikuwa amelifungulia koti lile mlango kwa miaka mingi, akaufungua. Pikipiki za polisi zikawashwa. Umati ukapasuliwa njia. Na Profesa Bahame, Mkurugenzi Mkuu, bingwa wa mambo ya tofauti, alikimbia na viatu vyake vya kung'aa, akawahi kuufunga mlango taratibu kwa mikono miwili, akainama mpaka tai ikagusa vumbi.

"Safari njema, Mheshimiwa!"

Mheshimiwa akainua vidole viwili bila kumtazama. Ving'ora vikalia, gari likateremka mlima.

*

Vumbi lilipotulia Profesa bado alikuwa ameinama. Aliinuka pole pole. Niliutazama uso wake na nilistarehe sana.

"Mzuieni!" akapiga kelele.

Kamanda wa polisi akakitazama kibali. "Imeandikwa asizuiwe na mtu yeyote, mpaka mwili uteremshwe."

"Basi uteremsheni! Haraka!"

Lakini watu wa bondeni walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa kaburi, miguu ikining'inia ndani, wamejaa pande zote nne.

"Mtani wetu hajarudi," Chujio akasema, akamenya muwa mwingine. "Hatuwezi kumzika mtu bila ruhusa yake. Tutamsubiri. Si amekwenda kikaoni tu?"

Walimsubiri mpaka vivuli vikarefuka. Walipokubali kusogea na jeneza likashuka, gari lilikuwa limekwisha kuvuka mpaka. Walinzi wa mpakani walijipanga mstari kulipokea, mmoja akaomba transfoma. Dereva alirudi kesho yake na gari limeoshwa. Alisema Mheshimiwa alimwelekeza njia, naye hana mazoea ya kubishana na Mheshimiwa.

Serikali ikakaa kikao kirefu. Tatizo lilikuwa hili: kumdhania mtu mwingine kuwa ni kiongozi ni kosa la jinai. Kama aliyeondoka alikuwa Mwantumu, basi Profesa ana kesi, Kamanda ana kesi, askari wote waliopiga saluti wana kesi, na walinzi wa mpakani pia. Jela zisingetosha. Njia ilikuwa moja, wakaipita. Kibarazani likatoka tangazo kwamba Mheshimiwa Dokta Kolongo hakuigwa na mtu yeyote. Aliyeingia garini ni yeye mwenyewe. Amesafiri kikazi nje ya nchi.

Nafasi yake haijajazwa, maana haiko wazi. Wizara inaendelea vilevile. Mimi sijaona tofauti, na sijakutana na aliyeiona. Mwantumu anasuka nywele ng'ambo ya mpaka, vidole vimepona, na kule anaitwa Mwantumu. Sisi huku bado tunaitana vyombo.

Kilibaki kikwazo kimoja tu, kaburi. Profesa Bahame alipanda mlimani mwenyewe, akamkuta Bi Esteria amekaa kibarazani na nguo zake nyeusi.

"Shemeji," akasema, "Serikali inakuomba uvue nguo hizo. Wewe si mjane. Mumeo yuko safarini. Na hilo kaburi hapo nyuma tutalisawazisha, maana linaleta mkanganyiko."

Bi Esteria akamsogezea kigoda.

"Kaa, Profesa. Mume aliye safarini nimekaa naye tangu nilipoolewa. Nimemzalia, nimempikia, nimemshikia mkasi, na siku zote yuko safarini. Huyu wa kaburini ndiye wa kwanza ninayejua alipo. Niachieni huyu."